Medali ya Issa Kwenye Gunia la Korosho

Nakumbuka siku ile, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku niliyokuwa mwizi, na nilikuwa mwizi huku nacheka. Usinitazame hivyo. Mimi huyu huyu ninayewafokea watoto wasiokote korosho za jirani, mimi huyu huyu Somoe ninayesifiwa kwamba hata sindano ya kuazima nairudisha, niliwahi kuingia chumbani kwa mtu na kutoka na dhahabu yake. Kaa vizuri nikueleze, na ukitaka kucheka cheka, maana mwenyewe nacheka. Lakini sehemu moja usicheke. Ukifika hapo utapajua bila kuambiwa.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Zamani korosho zetu zilikuwa na mlango mmoja tu, chama cha ushirika. Unasubiri siku yako, unabeba gunia kichwani, unapanga foleni, unapimiwa, unarudi na karatasi. Basi wakaanza kuja wanunuzi binafsi na pikapu zao, mizani wameifunga nyuma, wanapita mlango kwa mlango kama wauza samaki. Gunia linaondoka uani kwako kabla hujamaliza kunawa mikono. Na madukani Newala, lo! Sabuni tele, kanga tele, redio zinaimba mpaka zinagombana. Sisi tuliokuwa tumefua kwa majani ya mpapai tuliona kama tumehamia nchi nyingine.

Ndipo akarudi Issa. Huyu alikuwa mtoto wa mjomba wangu, tumekua naye hapo hapo Kitangari tukichekana pua. Alikuwa na mguu wa kushoto uliobarikiwa. Kutoka mpira wa makaratasi akafika timu za Dar es Salaam, na kutoka huko Waarabu wakamchukua akacheze kwao kwa mshahara. Mpira wa mshahara! Wazee walikataa kuamini. Mzee mmoja alimwuliza, "Yaani wewe unakimbia, halafu wanakulipa? Na wanaokutazama?" Issa akajibu, "Hao ndio wanaolipa." Mzee akaondoka anatikisa kichwa.

Alirudi likizo kila mwaka, na ya kwanza alijenga nyumba ya bati yenye mifereji mizuri ya kukinga mvua, na chini akachimba kisima cha saruji kikubwa kuliko chumba cha darasa. Wewe umekuta mabomba, hujui maana ya jambo hilo. Kwetu juu ya uwanda maji yako bondeni, unashuka alfajiri, unapanda jua limewaka, na ndoo moja ndiyo siku yako. Mtu mwenye kisima kilichojaa alikuwa tajiri kuliko mwenye ng'ombe. Na ndani ya nyumba Issa alikuwa na televisheni, deki ya kanda, na jenereta ya kuviendesha, saa iliyong'aa, mkufu, na medali ya dhahabu aliyovishwa huko Uarabuni timu yake ilipochukua ubingwa. Alitutandikia mikeka sebuleni tukatazama kanda ya mabao yake. Wazee wakawa wanamshangilia Issa wa kwenye kioo na kumsahau Issa aliyekaa pembeni anawakaribisha chai.

Sasa shika jambo hili, maana hadithi yote imesimama hapa. Mtoto wa mjomba ni mtani wako. Binamu nyama ya hamu, wanasema, na katika ukoo wetu hamu hiyo haikuwa ya mdomo tu. Mtani aliruhusiwa kuingia kwako akachukua kuku, kofia, hata sufuria iliyo jikoni na ugali ndani, nawe hukuruhusiwa kukasirika. Ukikasirika umeshindwa, unatozwa faini, kuku wa pili. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Issa alipokuja kusalimia, alinichukulia kitenge changu kipya, akajifunga kiunoni na kucheza nacho mbele ya akina mama waliokuja harusini. Wote walicheka, nami nikacheka, lakini moyoni nikasema: Issa, siku yako ipo.

Mtu wa kukaa na nyumba ya Issa alikuwa Mzee Danieli. Alikuwa mzee wa kanisa, Mwanglikana, babu zake walitoka upande wa Masasi wa misheni. Mtu mrefu, mpole, koti lile lile miaka yote na halikuwahi kukosa kifungo. Issa akiwa Uarabuni, Mzee Danieli ndiye aliyeshika funguo za nyumba na za kisima, na hata Issa akirudi likizo zilibaki kwake. Asubuhi alifungua mfuniko, akagawa maji, ndoo moja kila kaya, Mwislamu na Mkristo, mwenye ndugu na asiye na ndugu. Mwanangu, kumpa mtu ufunguo wa maji pale kwetu ilikuwa kumpa roho za watu. Na hapakuwa na mtu aliyewahi kusema Mzee Danieli kampendelea fulani.

Basi Alhamisi moja, mchana, watu wamejaa sebuleni wanatazama kanda, mimi nikaenda chumbani kwa Issa kumchukulia mke wa mjomba mtandio wake. Nikaiona pochi nyeusi ya ngozi juu ya kitanda. Nikafungua. Medali, saa, mkufu! Nikasikia kama mtu ananitekenya. Nikajiambia, hii ndiyo faini ya kitenge changu.

Desturi ilikuwa wazi. Mtani akichukua, hapo hapo mlangoni apige kigelegele, akionyeshe kitu juu, aseme, "Nimechukua mimi, fulani!" Kisha akimbie akiweza. Mimi nilijua hivyo tangu sijaota meno. Lakini nilijiona mjanja. Nikawaza, nikipiga kigelegele leo watacheka watu ishirini. Kesho baada ya swala ya Ijumaa mjomba anawaalika watu chakula, uwanja mzima utakuwepo. Nitokee mbele ya wote nimevaa medali shingoni na saa mkononi, nicheze kama alivyonichezea yeye. Nikaiviringisha pochi kwenye kanga, nikapita mbele ya Mzee Danieli aliyekaa kibarazani. "Shikamoo babu." "Marahaba mjukuu wangu, umeridhika na mpira?" "Nimeridhika sana," nikasema, na sikuwa nimemdanganya.

Nyumbani nikatafuta pa kuficha. Mama yangu alikuwa na macho ya kunguru, chumba chetu kisingefaa. Uani palikuwa na gunia la korosho lililojaa, mdomo bado haujashonwa. Nikatumbukiza mkono mpaka kwenye kwapa, nikaizika pochi katikati, nikasawazisha juu. Gunia lile, kwa hesabu zangu za zamani, lilikuwa la kukaa hapo mpaka wiki ijayo. Nilisahau kwamba dunia imefunguliwa milango.

Ijumaa nikaenda shambani mapema, nikaokota korosho huku naimba. Nilirudi swala ya Ijumaa inakaribia kwisha, nikaoge nijipambe. Uani hapakuwa na gunia. Mama anafagia, uso umechanua. "Umechelewa," akaniambia, "mnunuzi wa Masasi amepita na pikapu yake. Nimelishona haraka haraka, akalipima, amelichukua. Biashara hizi za siku hizi tamu kweli!" Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi alilolifagia, Mama akadhani ni jua.

Na kabla sijapata la kusema, tukasikia kelele upande wa kwa Issa. Tukatoka mbio. Watu walikuwa wamejaa, wengine bado na kanzu za msikitini, na katikati alisimama Issa, jasho linamtiririka, anapiga kelele kwamba nyumba yake imeibiwa. Mlango haukuvunjwa, dirisha halikuguswa. Nani mwingine ana funguo? Na wote macho yakageuka kwa Mzee Danieli.

Hapo, mwanangu, usicheke.

Mzee yule alisimama na koti lake, akaingiza mkono mfukoni, akatoa funguo, akaziweka mkononi mwa Issa. Hakulia, hakuapa. Alisema tu, "Sikuchukua, baba. Lakini funguo hizi hapa, maana huwezi kupata usingizi zikiwa kwa mtu usiyemwamini." Mtu mmoja nyuma akasema, "Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Methali hiyo nimegombana nayo mpaka leo. Wahenga wametuachia maneno mengi mazuri, lakini hilo wangekwenda nalo. Wangapi wamezikwa wazima kwa sababu ya "lisemwalo lipo"! Mwenyekiti wa kijiji akaamua: vitu visipoonekana mpaka Jumapili watu wakitoka kanisani, Mzee Danieli apelekwe polisi Newala.

Na mimi? Mdomo ulikuwa wangu, ulimi ulikuwa wangu, sauti ilikuwa yangu. Nilinyamaza. Nilijiambia, nikisema "ni utani" wataniuliza pochi iko wapi, na sina. Utani bila kitu mkononi nani ataukubali? Nikarudi nyumbani na watu wengine. Mzaha mzaha hutumbua usaha, na wangu ulitumbuka mwilini mwa mtu mwingine.

Sikuweza kula. Alasiri ile ile nikaenda kwa Mzee Danieli. Nilimkuta anasugua ndoo yake kwa mchanga, ndoo ambayo sasa ilibidi ashuke nayo bondeni mwenyewe, miguu yake ile. Nikapiga magoti nikamwambia yote, kuanzia kitenge mpaka pikapu. Nilidhani atanipiga na ndoo. Akaiweka ndoo chini, kisha, utaamini? mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa anacheka. "Gunia la korosho," akasema, "Mungu wangu, gunia la korosho!" Akacheka mpaka akajifuta macho kwa mkono wa koti. Mimi nikachanganyikiwa, nikaanza kucheka na kulia pamoja.

Halafu akaacha ghafla. "Sasa nisikilize, mjukuu wangu. Kuchukua hukukosea. Ni binamu yako, chukua hata suruali yake. Umekosea kunyamaza. Utani unatoka kwa mlango wa mbele na kigelegele. Ukiutoa chini ya kanga, jina lake linabadilika njiani, hata kama moyoni bado unacheka. Na leo mchana uliponyamaza mara ya pili, hukuchukua tena vitu vya Issa. Ulichukua vyangu." Nikamwuliza, "Nimechukua nini chako, babu?" Akasema, "Jina. Nina koti moja na jina moja. Koti ninaweza kushona."

Maneno hayo yaliniingia, mwanangu. Nilipigwa mara nyingi utotoni, hakuna fimbo niliyoikumbuka miaka yote hii, lakini sentensi hiyo ninayo.

Alfajiri ya Jumamosi tukapanda lori la korosho, mimi na yeye, juu ya magunia, kuelekea Masasi. Mama nilikuwa nimemwambia ukweli, na alinipa maneno ambayo siyarudii mbele yako, pamoja na chapati za njiani. Tukapita Newala, tukateremka ule mteremko lori likilia breki, nami kila gunia tulilokalia nalitazama kama adui. Mzee Danieli aliimba nyimbo za kanisa njia nzima. Nilimwuliza haogopi? Akasema, "Naogopa sana, ndiyo maana naimba."

Ghala la mnunuzi lilikuwa Masasi, upande wa Mkomaindo. Tulipoingia nilitaka kurudi. Magunia yalikuwa yamepangwa mpaka darini, na chini wanawake wamekaa kwenye mikeka wanachambua korosho, mbovu huku, nzima huku. Msimamizi alikuwa kijana mwenye kalamu sikioni, mwenye haraka. Tukamsalimu, akauliza tunatoka wapi. Kitangari, tukamwambia. "Aa, Kitangari!" akasema kwa sauti ya kuchangamka. "Si ndiko mzee mmoja amemkomba yule mchezaji dhahabu zake? Dereva wetu ametuletea habari jana. Wazee wa siku hizi jamani!" Na wanawake wakacheka.

Yaani habari ilikuwa imefika Masasi kabla yetu. Ilikuja na pikapu ile ile iliyobeba gunia la Mama, kumbe ilikuwa bado inapita milango ya mwisho wakati Issa anapiga kelele.

Mzee Danieli akavua kofia. "Ndiko, mwanangu," akasema taratibu. "Na huyo mzee ndiye mimi."

Yule kijana akaishusha kalamu sikioni. Na mimi, sijui nguvu zilitoka wapi, nikapanda juu ya gunia nikapiga kigelegele, kigelegele cha Alhamisi kilichochelewa siku mbili, nikapiga kelele, "Nimechukua mimi! Mimi Somoe, binamu yake na mtani wake! Huyu babu hakuchukua kitu, aliyechukua ni mimi, na nimeficha kwenye gunia la mama yangu, na Mama ameliuza, na liko humu humu ndani mwenu!" Nilikuwa nalia, lakini nilisema yote mpaka mwisho. Mficha uchi hazai.

Unajua wale wanawake walifanya nini? Walicheka mpaka mmoja akalala chali kwenye korosho. Wenyewe walikuwa watu wa utani, walielewa hata kabla sijamaliza. "Msichana, umemfundisha mtani wako adabu, na mama yako amekufundisha wewe!" Wakainuka wote, wakajifunga kanga viunoni. Msimamizi alianza kusema habari za utaratibu na tajiri wake, wakamwambia anyamaze, akanyamaza, kisha akavua shati akaungana nao. Mama alikuwa ameshona mdomo wa gunia kwa upindo wa kanga yake ya kijani iliyochakaa, kwa hiyo tukawa tunatafuta uzi wa kijani. Gunia baada ya gunia, vumbi, chafya, nyimbo. Na lilikuwa wapi? Chini kabisa, pembeni, kwenye rundo la mwisho. Siku zote ndivyo linavyokuwa.

Tulipolimwaga na pochi ikadondoka kwenye mkeka, Mzee Danieli alikaa chini akainamisha kichwa, midomo inasogea. Msimamizi akainua medali kwenye mwanga. "Kumbe korosho za Kitangari zinazaa dhahabu!" Tukacheka tena, sote, na mzee akacheka kuliko wote. Kisha yule kijana akamshika miguu akamwomba radhi, na wanawake wakatujazia korosho za kuonja njiani.

Jumapili watu walipokuwa wanatoka kanisani, mimi nilikuwa nimesimama barabarani nimevaa medali shingoni, mkufu, saa mkononi, na pochi juu ya kichwa. Mzee Danieli ndiye aliyeniamuru hivyo, nami nilitamani ardhi inimeze. Nikapiga kigelegele kuanzia kanisani mpaka kwa Issa, kijiji kizima nyuma yangu, nikasimama mlangoni kwake nikasema kosa langu lote, bila kuacha hata habari ya chapati za Mama.

Issa alinitazama, akaitazama medali. Alitaka kukasirika, nikaona mishipa shingoni. Lakini ni mtani, angekasirika angelipa kuku! Ukawa mvutano usoni mwake, mara mashavu yakamshinda, akaangua kicheko, na uwanja mzima ukaangua naye. Mjomba wangu hakucheka. Alimngoja mwanawe amalize, kisha akamwuliza, "Issa, kitu kikipotea kwenye nyumba ya watani, mwenye nyumba hufanya nini kwanza?" Mjomba akajijibu mwenyewe. "Husimama mlangoni akaita watani wake wote, mara tatu, kabla hajataja neno wizi. Uliita?" Issa akatikisa kichwa. Alikuwa amekaa Uarabuni miaka mingi, au labda dhahabu ilimzidi nguvu. Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Issa, yule ambaye maelfu walikuwa wanalipa kumtazama, akaenda mbele ya Mzee Danieli, akapiga magoti mchangani na kumrudishia funguo kwa mikono miwili.

Mzee akazipokea. Watu wakashangilia, wakadhani yamekwisha. Akainua mkono. "Nimewasamehe wote wawili, na Mungu ni shahidi. Lakini neno mwizi halikukaa hapa uani. Limetembea. Jana nimelikuta Masasi limekaa kitako. Nami siwezi kulifuata na miguu hii. Miguu mizuri ni yenu: wewe wa mpira, na wewe wa kukimbia na pochi. Nendeni kila nyumba liliyofika, mkaseme Danieli hakuiba. Mpaka msikie mnajibiwa, tumeshasikia."

Tukatembea, mwanangu! Siku kadhaa, mimi na Issa, njia za mchanga kati ya mikorosho, nyumba hata nyumba. Tunabisha hodi, tunasalimia, mimi naeleza wizi wangu, Issa anaeleza upesi wake wa kutuhumu, na tunamalizia pamoja, "Mzee Danieli hakuiba." Mwanzoni nilisema nimeinama. Nyumba ya kumi nilishakuwa naiigiza, na Issa anafanya sauti ya Mama. Watu walituwekea mihogo, wakatuwekea karanga, wakatukalisha tuanze upya kwa sababu shangazi alikuwa kisimani hakusikia. Watoto walitufuata ili wamwone Issa, wakaondoka wanaijua habari ya Mzee Danieli kwa moyo. Sijawahi kutumikia adhabu tamu kama ile. Nilirudi nimenenepa.

Nyumba ya mwisho ilikuwa Makote, kwa bibi mmoja kizee sana, mgumu wa kusikia. Tulimwelezea kwa kupaza sauti mpaka mbuzi wakakimbia. Bibi akasikiliza, akakunja uso. "Danieli?" akasema. "Danieli wa maji? Nani kasema Danieli ni mwizi?" Tukamwambia kila mtu alisema. "Mimi sikusikia," akasema. "Nilikuwa na bahati ya uziwi, na nyie mmekuja kuniharibia." Issa alicheka akakaa chini. Lakini njiani kurudi tulielewa wote wawili. Ulikuwa huwezi hata kulisafisha lile neno bila kulitamka tena.

Mzee Danieli alishika funguo zile mpaka uzee ulipomwekea fimbo mkononi, na alipofariki walimzika watu wa dini zote, ndoo moja ya maji kutoka kila kaya ikaletwa nyumbani kwake. Issa bado ni mtani wangu, kichwa cheupe, na kila akija ananikagua mikono mlangoni mbele ya wageni.

Sasa sikia nasaha yangu. Taniana, mwanangu, taniana sana, maisha bila utani ni ugali bila mboga. Lakini ukichukua, sema umechukua, siku hiyo hiyo, mlangoni, kwa sauti. Usiutunze ukweli ukisubiri siku utakayopendeza zaidi, kwa sababu hujui nani atapita kuununua. Na kitu chako kikipotea, waulize kwanza wanaokupenda kabla hujamnyooshea kidole mnyonge mwenye funguo. Mali inaweza kufukuziwa kwa lori mpaka Masasi ikapatikana chini ya magunia. Jina la mtu ukishalimwaga, utaliokota punje kwa punje mpaka uzeeni.

Unadhani natania? Mwezi uliopita tu, hapo Newala kwa mshona nguo, nilimsikia kijana asiyemjua hata babu yake anasema, "Si yule Danieli wa Kitangari aliyemwibia mchezaji?" Miaka yote hii! Nikaomba kiti, nikakaa, nikaanza upya: kitenge, pochi, gunia. Na leo umekuja hapa kunisalimu, ukaniomba nikueleze jambo la ujana. Wewe ulidhani unasikiliza hadithi. Mwanangu, mimi bado natembea. Nyumba ya leo ni yako, nami nimebisha hodi nikuambie Mzee Danieli hakuiba.

Mungu akupe mkono unaochukua kwa ruhusa, na mdomo unaowahi kusema kweli kabla gunia halijaondoka. Akupe watani wengi, na vicheko visivyomliza mtu. Na akupe jina ambalo likitajwa vibaya mahali usipokuwepo, asikosekane mmoja wa kusimama aseme, huyo namjua, si yeye. Amina. Haya, niitikie.